Soksi za Chilumba

Ligula, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Muuguzi Nachilima ananipa futi:
"Mama, si wewe fundi cherehani? Haya, pima."
Nami niliyepima nusu ya wanawake wa Newala,
kifua, kiuno, mkono robo tatu,
sijawahi kumpima mume wangu kifundo cha mguu.
Sentimita ishirini na mbili.
Kigimbi, thelathini na tano.

Siku ya nne leo tangu moyo umwangushe
ghalani, mkono mmoja bado kwenye mizani,
gunia la korosho likining'inia bila kusomwa.
Daktari alisema atulie, asinyanyue hata ndoo.
Nachilima akaongeza: kutulia nako kuna deni.
Damu inayolala miguuni huganda,
na bonge likibanduka halitulii,
linapanda kifuani kuitafuta pumzi.

Nilielewa upesi. Nimekulia mikoroshoni.
Nimeona utomvu ukichuruzika kwenye jeraha la gome,
asubuhi maji,
jioni uje na kisu.

Basi soksi. Nyeupe, ndefu hadi mapajani,
zinabana kifundoni kuliko juu,
kama mtu anayekamua nguo kuanzia pindoni.
Chilumba akageuzia uso ukutani:
"Somoe, unanivisha za harusi?"
Kitanda cha jirani kilicheka mpaka kikakohoa.

Kuvisha ni kazi. Ukivuta kwa pupa zinajikunja,
na mkunjo mmoja, kasema Nachilima, ni kamba:
utaifunga damu badala ya kuisukuma.
Mimi na mikunjo tunajuana.
Nikalainisha kwa kiganja, toka kisigino,
nikapita juu ya kovu ambalo miaka ishirini na sita
ananiapia ni la mpira.
Mshono ule si wa mpira.
Sikuuliza.

Dole gumba linachungulia tunduni.
Naibonya kucha: inapauka, kisha wekundu unarudi.
Nabonya tena.
Unarudi.

Usiku anauliza bei ya mnada wa leo.
Simwambii. Namwambia: chezesha nyayo,
kanyaga, achia, kanyaga,
kama unaijaribu ile cherehani
uliyonibebea kwa baiskeli kutoka Masasi,
ukaifunga kwa mpira, ukafika umelowa mvua
na yenyewe kavu.

Anakanyaga.
Shuka linapanda, linashuka.
Nimekaa gizani, futi bado shingoni,
nahesabu.