Somo la Jumatano, Kisauni

Sikuwaambia waimbe.
Nilisema kwanza: vueni viatu mlangoni,
kama mvuavyo kwa kina Mwanaesha hapo nyuma ya kanisa,
kama alivyoambiwa Musa.
Wimbo wa watu ni nyumba ya watu.
Piga hodi. Usipokaribishwa, rudi.

Ubaoni nikachora ramani kwa chaki iliyolowa jasho:
huku Gujarati, kule Kongo,
kule juu Norwe, ambako simjui mtu,
ila najua wana wimbo wa kumbembeleza mtoto,
na mtoto wao asinzia kwa shida kama wetu.

Katekista Mwakio akachungulia dirishani.
"Mwalimu, na hizi za miungu mingine?"
Nikamwambia, jirani nimeamriwa nimpende;
nitampendaje nimeziba masikio?
Akaguna.
Hakuondoka.

Tukapiga makofi saba ya Mzee Harshad,
yule aliyetutengenezea kinanda bila kudai senti.
Darasa zima likapotea kwenye kofi la tano.
Tukacheka, tukaanza upya, tukapotea palepale.

Kisha nikainua kayamba.

Dzame akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.
"Hilo walimtikisia mama usiku kucha.
Alfajiri akafa."

Nilikuwa na maneno tayari:
kwamba ni matete na mbegu tu,
kwamba aliyeotesha matete ni Mungu yuleyule,
kwamba zaburi haikubagua ala.
Yote kweli.
Lakini hata ukweli una saa yake ya kuingia chumbani.

Nikaliweka chini polepole, lisipige kelele.
Kayamba halijui kunyamaza:
mbegu zikateleza upande mmoja, shaaa,
kama mgonjwa ajigeuzaye kitandani.

Mwakio akaingia. Akavua viatu;
soksi ya kushoto ina tundu, kidole kinachungulia.
Akaketi sakafuni kando ya mtoto.
Hakukemea pepo. Hakuomba kwa sauti.
Feni ikazunguka.

"Mama naye alikuwa akilicheza," Dzame akasema, "harusini.
Zamani. Kabla."
"Alikuwa akiimbaje?"
Akatikisa kichwa.

Basi hatukuimba.
Kengele ikalia, wakatoka wakigombania malapa.
Kwenye daftari langu la maandalizi,
pale palipoandikwa *Lengo lililofikiwa*,
nikakaa na kalamu muda mrefu,
nikaandika:
Tumepiga hodi.