Kaseti ya Manjano

Stoo ya Wadi Kabir, joto la Juni,
feni imekufa, mimi na tochi ya simu.
Jumapili wanaibomoa nyumba.
Zahran amenipigia kutoka Sohar:
"Chukua utakacho, dada, mie sitaki kitu."
Kimya. Kisha: "Ila ukiiona ile ya manjano…"

Nimeiona.
Ndani ya bati la halwa, chini ya bili za maji,
imelala na kichwa cha mwanasesere
na betri zilizotapika kutu.
Kaseti ya mchezo, ubavu umepasuka,
picha imebanduka, ndege ya vita haina mkia.
Nyuma, jina langu limekwanguliwa,
la Zahran limeandikwa juu yake.
Kesi hii haijaisha.

Tulicheza baada ya Isha,
sauti tumeizima, baba asisikie,
kiyoyozi cha dirishani kikikoroma kwa niaba yetu.
Ndege zetu zilikufa bila mlio.
Roho tatu kila mtu,
halafu zamu, halafu ugomvi wa zamu,
halafu ndara ya mama, ambayo
haikuhitaji roho ya pili.

Ijumaa ilikuwa siku ya Koya,
Mmalibari wa duka la kanda, nyuma ya pampu ya petroli.
Baisa mia tano, filamu mbili za Kihindi,
na ole wako urudishe kanda hujaikunja hadi mwanzo.
Bibi Ghaniya hakujua Kihindi,
na maandishi ya Kiarabu yalimpita mbio kama panya,
lakini ndiye aliyekuwa mkalimani wetu.
"Anasemaje, Bibi?"
"Anasema, nirudishieni shamba langu."
"Na huyu anayelia?"
"Analilia mikarafuu."
Wacheze mvuani, wapigane juu ya treni,
kwa Bibi kila jambazi alikuwa kapora shamba la mtu,
na kila mwisho mwema ulikuwa hati mkononi.
Nilikuwa chuoni, mtu mzima na miwani yangu,
nilipoiona tena moja ya filamu zile.
Kumbe yule kijana alikuwa akiomba mchumba.
Nikaizima.
Filamu ya Bibi ilikuwa nzuri zaidi.

Na kaseti ilipogoma,
kioo kikabaki buluu kama kimenuna,
tuliipuliza. Kila mtoto wa mtaa aliijua dawa hiyo:
itoe, pumzi moja ndefu, irudishe, omba.
Usiku mmoja tulipuliza hadi kizunguzungu.
Bibi akaukunja msala wake,
akatutazama tunavyoitemea plastiki mate.
"Nyie mnapuliza nini? Upepo mtupu?"
Akaishika vile alivyotushika vichwa siku za homa.
Akasoma kitu, midomo ikicheza, sauti haitoki,
akapuliza mara tatu.
"Haya. Mrudisheni mgonjwa wenu kitandani."
Ikawaka.
Wallahi, ikawaka,
na Zahran, ambaye hata msikitini alikwenda kwa kuvutwa sikio,
akaitikia amina.

Siku hizi anaendesha winchi bandarini,
vijiti viwili, kioo mbele,
makontena ya rangi rangi yakishuka moja juu ya jingine.
Wanamlipa kwa kile alichokuwa akichapiwa.
Na mimi, televisheni yangu ni nyembamba kama sinia,
haina hata tundu la kuupokea waya ule.

Nimeifuta jasho langu. Nimeileta mdomoni;
mapafu yana mazoea yao, hayakuniuliza.
Mle mwanyani, kwenye meno yake ya shaba,
kuna vumbi la kijivu, laini, limetulia.
Vumbi la nyumba hii.
Na huenda, nani atanibishia,
mna pumzi moja yenye aya
iliyoingia usiku ule na haijapata wa kuitoa.

Nimeirudisha batini.
Nimebana mfuniko polepole,
midomo nimeifumba.