Kaka Wanne wa Thembo

Nyuma ya daftari la mizani,
ambalo mbele lina magunia na namba za malori,
ninaumba mwanamume.
Nimempa mabega. Mabega ni rahisi,
Katwe yamejaa, yamezama kiunoni ziwani,
yanang'oa mawe ya chumvi kwa mtaimbo.
Nimempa sauti inayokwaruza kidogo.
Jina ndilo lililonishinda.

Nikimwita Thembo, kwetu milimani
kila msomaji atahesabu kwa vidole:
Thembo ni mwana wa tano wa kiume.
Wako wapi basi Mumbere, Bwambale, Masereka, Kule?
Siwezi kuandika busu
kabla sijawapatia kaka wanne pa kulala.

Mpenzi wake alikuja upesi kuliko nilivyotaka.
Binti wa theluji ya Rwenzori:
akicheka, wingu linashuka hadi Kasese,
mabati yanapiga makofi.
Nilimpa uwezo huo saa nane usiku,
kwa ukarimu wa mtu asiyelipa.

Asubuhi dada yangu Biira akasoma, amesimama,
mikono imepasuka kwa chumvi,
karatasi kaishika kwa ncha za kucha.
"Huyu mvua yake ni ya bure?
Mimi mvua moja tu, mwezi wa nne,
ilimeza kibwawa changu na ada ya Kabugho."
Akanirudishia daftari, akaenda zake.

Nilikaa na swali hilo hadi lori la tatu.

Basi sheria ni hii:
kila akicheka, kitu kimoja cha chumvi kinayeyuka,
wala yeye hachagui kipi.
Na wana wa mama Thembo, wote watano, ni chumvi.
Mumbere aliondoka mwaka wa kiangazi,
kijiji kizima kikishangilia matone.
Bwambale na Masereka, siku moja, arusini.
Kule alibakiza kisigino;
mama yao amekihifadhi katika kikombe cha bati,
hapiki nacho.

Msichana hajui. Thembo anajua,
na bado kila jioni anakwenda kumwona
kwenye kile kiwanda kilichokufa, chini ya paa la kutu,
amebeba mwavuli.

Nikamwandikia bibi yake kago la kumkinga:

*Chumvi nakuaga leo,*
*rudi ziwani kwa mama,*
*uniachie upeo*
*wa macho ya kutazama.*

Nimelifuta. Vina vimekaa vizuri mno,
uganga wenye adabu hivyo haumponyi mtu.
Na tena, dawa ikipatikana ukurasa wa arobaini
mimi nitaandika nini hadi mia tatu?

Kosa langu ni jingine: nimemfanya mcheshi.
Sikukusudia. Alifungua mdomo aseme jambo la huzuni
akasema kuhusu kiboko aliyekula kanzu ya katekista,
nami peke yangu kwenye kibanda cha mizani
nikacheka, dereva akadhani namcheka yeye.
Msichana ameuma kitambaa. Mabega yanamtetemeka.
Hapo ndipo nilipoweka kalamu,
sijui kama ni uoga au ni mapenzi.

Alasiri Biira amepita na karai kichwani.
Hakuomba daftari. Ametazama mbingu upande wa milima,
kisha mimi.
"Amecheka?"
"Bado."
"Mwambie ajikaze mpaka Jumamosi.
Tutakuwa tumevuna."