Jedwali la Rangi

Tartu, Februari. Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Maarika anaandika mwongozo wa programu:
oksijeni nyekundu, nitrojeni buluu,
salfa njano, vile vile ilivyo chupani.
Kaboni ilistahili weusi wa makaa,
ila skrini nayo ni nyeusi, ingemezwa,
basi ikavishwa kijivu.
Haidrojeni nyeupe. Nani aliamua?
Anaandika: desturi.
Atomu isiyojulikana hupewa waridi kali,
ikang'aa kuliko zinazojulikana.

Endel, meza ya pili, anasogeza kiti:
ipi oksijeni hapa, ipi klorini?
Machoni pake nyekundu na kijani ni tope moja.
Ile twaivuta tuishi. Hii iliua watu mahandakini.

Maarika anafuta «kama kila mtu aonavyo»,
anaongeza safu ya herufi.