Boljointi ya Chini

Jioni ya tatu, na bado haijaachia.

Gurudumu nililitoa Jumatano,
nati tano, ya nne ikalia
kama bawaba ya kanisa katikati ya mahubiri.
Ikafuata shokomzoba, imekauka mafuta:
niliisukuma kwa kiganja, ikazama,
haikujisumbua kurudi.
Kiungo cha stablaiza kilikatika chenyewe.
Hapa Jämtland barabara hulishwa chumvi
na magari ndiyo yanayolipa.

Springi sikuigusa. Springi haina udugu.
Mkono wa chini nimeuegemeza juu ya jeki
nao umebeba hasira ya kiwandani
iliyokunjwa humo tangu mwaka sitini na sita,
haijapoa.
Fundi aliyenifunza alikuwa na meno manne ya bandia;
kila alipofika kwenye springi aliyagusa kwa ulimi.

Imebaki boljointi ya chini.
Nati yake iko sakafuni, nimeifungua kitambo.
Hakuna kinachoishika
ila haitoki.
Pini imejikaza tunduni
kama neno lililosemwa mara moja
kisha mwenyewe akaling'ang'ania.

Nimeipiga nyundo kulia, nyundo kushoto.
Nimeipa mafuta, ikalala nayo.
Nimeiwashia moto hadi mpira wake ukanuka
na Gunvor akafungua dirisha
kuuliza kama ni mimi ninayeungua.
"Bado," nikamjibu.

Kila fundi anaijua dawa yake:
pula, chuma chenye mdomo wa chura,
skrubu moja kichwani.
Mimi najua na mahali ilipo.

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya soksi,
chini ya misumeno isiyo na meno.
Ina herufi mbili za rangi nyekundu
na wala si herufi zangu.

Miaka tisa, Sixten ameiulizia mara moja tu,
uani kwake, ameshika ndoo ya viazi.
Nikasema: nilikurudishia.
Akanitazama. Akasema: sawa.
Tangu siku ile salamu zetu ni za kofia.
Nilikuwa nasema kweli, au nilidhani hivyo;
soksi niliikuta mwaka uliofuata
na aibu ilikuwa imeshaota kutu mahali pake.

Wanasema za mwizi arobaini.
Hawakusema arobaini za nini.

Saa nne usiku nikaivua soksi.
Mdomo wake ukauma pale unapopajua.
Nikakaza skrubu robo, nikasubiri,
robo nyingine, spana inatetemeka,
nusu ya robo

paa!

Asiyewahi kuisikia ataidhani bunduki.
Mbwa walibweka hadi ng'ambo ya ziwa.
Mkono ukashuka upana wa kidole, ukatulia kwenye jeki.
Lakini aliyewahi kuifanya kazi hii
anaijua sauti hiyo,
na anajua nyundo haiwezi kuitoa.

Dirisha la Sixten likawaka.

Ningeweza kuzima taa.
Nikavuka uwanja, grisi hadi viwikoni,
nyasi za barafu zikivunjika chini ya viatu.
Alikuwa mlangoni tayari,
suruali ya kulalia, buti za mpira.
Nikamnyooshea.
Hotuba niliyoipanga miaka minane
ikakwama kooni, na huko hakuna pula.

Akaigeuza kwenye mwanga,
akasugua kwa kidole gumba
mpaka herufi zake mbili zikatokea.
"Umetoa upande upi?"
"Wa kulia."
Akanirudishia mkononi, akaingia ndani,
akafunga mlango.
Nikasimama pale, nikijua nimestahili.

Mlango ukafunguka tena.
Alikuwa amevaa koti, na tochi kinywani,
akaitoa ili aseme:
"Wa kushoto ndio huwa mkaidi."