Mshono wa Radi

Nsimire alipanda Kadutu siku ya Jumatano
na kikwembe cha yadi sita ndani ya mfuko mweusi,
na simu.
"Fundi, nataka hii. Hii hii. Usiniongezee ya kwako."

Zamani mteja alinitajia shingo, mkono, urefu hadi magotini,
nami nachora kwa chaki juu ya meza,
tunabishana, tunacheka, chai inapoa.
Siku hizi napewa kioo.
Msichana aliye ndani yake yuko Abijani, au Lagosi, sijui,
amegeuza bega, hana jasho,
nyuma yake ukuta mweupe usiojua tope.

Nikavaa miwani. Nikaikuza foto kwa vidole viwili
kama alivyonifundisha mwanangu Murhula.
Mkono mmoja mpana, wa pili hakuna.
Na kutoka bega la kushoto
mstari mwembamba unashuka, unapinda kidogo kifuani,
unagawanyika mara mbili chini ya kiuno
kama njia ya Nyamugo mvua ikishaipitia.
Nikasema moyoni: hawa watu wana akili.
Nani aliwaza kukata nguo hivi?

Usiku umeme haukurudi.
Cherehani yangu ni ya miguu, haimngoji mtu.
Nikaegemeza simu yangu kwenye kikombe, tochi ikiwaka,
nikaufuata ule mstari kama nilivyounakili, kidole kwa kidole,
kwa uzi wa fedha,
maana kwenye foto ulikuwa unametameta.

Ijumaa akaja, akavaa nyuma ya pazia.
Kimya.
Halafu: "Fundi, hii mistari ni ya nini?"
"Iko kwenye foto."
Akatoa simu, akapangusa kwa kidole.
Gauni likaondoka, mstari ukabaki.
Akapangusa tena: keki ya mtu. Mstari ukabaki.
Mchungaji anahubiri: mstari umempita mdomoni.
Shangazi yake wa Walungu anaomba dola kumi,
na hata hapo, katikati ya dola na kumi,
ufa.
Ilimwanguka kwenye ngazi za Funu, mwezi wa tatu,
macho yake yameshauzoea, hayauoni tena.

Wahenga walituonya: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Kuhusu kuushona hawakusema neno.

Harusi ilikuwa kesho yake. Akalivaa hivyohivyo, kwa hasira,
akapigwa picha Nguba, ziwa mgongoni,
kidevu juu kama mtu anayedaiwa na hana nia ya kulipa.
Jumapili jioni Murhula akanionyesha:
watu mia tisa wameweka moyo.
Jumanne nilikuta foleni barazani.

Wanauita radi. "Unishonee radi, fundi."
Sikuwasahihisha.
Nimeshona radi za kwaya nzima ya akina mama,
radi ya mtoto wa kubatizwa, ndogo kama mguu wa kuku,
radi kwenye kola ya mwalimu Bisimwa
ambaye yeye, anasema, hafuati mitindo,
ila mke wake anataka wafanane.
Uzi wa fedha umepanda bei pale sokoni.
Minervali ya Murhula nimelipa hadi mwezi wa sita.
Nsimire hajarudi. Nasikia amebadilisha kioo.

Jana amekuja binti mmoja kutoka Panzi,
simu mpya, kioo hakina hata alama ya kidole.
Akanionyesha foto: mshono wangu. Uzi wangu.
Hata lile kosa chini ya kiuno
pale mguu uliponiteleza kwenye pedali, saa saba ya usiku.
Amelivaa mtu wa Kampala,
na pembeni limeandikwa jina la fundi nisiyemjua.

Sikuangalia mara ya pili. Nikachukua chaki,
nikaanza kuchora, mkono wenyewe unaijua njia.
Binti akanishika kiganja.
"Hapana, papa. Si hivyo.
Fuata simu."