Siri ya Fundi Waya

Ijumaa, baada ya sala, Shimanzi,
redio ya Chigulu ilikohoa kisha ikasema:
yasemekana Ford na Shevrole
wanachumbiana huko Marekani.
Yasemekana tu. Hapana aliyethibitisha.

Chigulu akazima mtambo wa kuchomelea.
Mselem akarudisha sahanini kipande cha mkate wa mofa
kilichokuwa nusu ya njia kwenda kinywani.
"Haiwi," akasema.
"Na ikiwa, si ndoa hiyo, ni msiba."

Marehemu babake aliinunua Fairlane
kwa fedha za mbata na kiwanja cha Kisauni.
Ilishushwa Kilindini kwa winchi, ikining'inia kama mbuzi.
Mselem hakuwa amezaliwa,
lakini husimulia kana kwamba ndiye aliyeshika kamba.
Kila wiki huzipangusa zile herufi nne za boneti
kwa fulana aliyoivua mwilini.

Taibali alivuka barabara na kiatu kimoja.
Muuza spea, mwana wa muuza spea,
mwenye Impala nyeupe ibebayo maharusi
kutoka Kuze hadi Tudor, elfu kumi, mafuta juu yako.
"Mumesikia? Sasa rafu zangu nizipange vipi?
Kushoto Ford, kulia Shevrole, tangu enzi za baba,
katikati upenyo wa kupita mimi.
Hawa wakioana, mimi nipite wapi?"

Mselem hakuwa amemwamkua miaka tisa,
tangu harusi ya bintiye,
mkwe alipoletwa kwa Impala
na Fairlane imeoshwa, imefungwa riboni, imesimama mlangoni.
Siku hiyo alimwamkua.
Akamsogezea kiti.
Uvumi wa redio ukafanya
walichoshindwa wasuluhishi wa mitaa miwili.

"Nani atabeba jina la nani?"
"Mwenye deni dogo."
"Basi wote watabaki bila jina."
"Na mwanangu arithi nini? Chotara?"
"Pilau iliyosongwa na sima!"
Hata Chigulu, mwenye baiskeli, alitia neno:
fahali wawili wakikaa zizi moja,
linaloumia ni zizi.

Mie nilikuwa chini ya dashibodi ya basi la shule,
bisbisi menoni.
Mwanasha fundi waya: haniulizi mtu rai yangu
mpaka taa zizime.

Sikusema
kwamba mwaka wa mafuriko, dinamo ya Fairlane ilipokufa,
Mselem yuko Madina kwenye umra,
kaniachia ufunguo na neno moja, "Tengeneza,"
nilitia alteneta ya Shevrole
kutoka lori lililopinduka Mazeras.
Nembo niliikwangua. Nikapaka masizi.
Tangu hapo taa zamulika kuliko zilivyomulika ujanani,
naye hunigonga bega: "Waona, Mwanasha? Ford hiyo."

Wala ya Impala sikuisema.
Ilikuwa ikigoma mchana wa kaskazi,
stata imeshiba joto la injini, haiamki,
na bibi harusi kiti cha nyuma
wanja wamchuruzika hadi kidevuni.
Nilitwaa solenoidi ya Ford, ndogo kama kopo la ugoro,
nikaifunga kando, mbali na moto.
Haijagoma tena.
Taibali mwenyewe aliniuzia, rafu ya kushoto,
akahesabu pesa, hakuuliza naipeleka wapi.

Walipoinuka walikuwa bado wanabishana,
sasa ni juu ya rangi ya nembo.
Mselem akawasha. Ng'ambo, Taibali akawasha.
Zote mbili ziliitika mara moja.

"Sikia hiyo," akasema huyu. "Damu safi."
"Na hii je?" akajibu yule.

Nikatoka chini ya dashibodi,
nikafuta grisi kwenye leso kuukuu,
nikamwambia Chigulu
basi la shule liko tayari.